Posa Yenye Sharti

Rafiki yangu Redio alikuwa amebandika sikio kwenye mlango wa jikoni, mkono mmoja ameuinua kunikataza hata kugonganisha vikombe.

"Mjomba wake ameanza," alininong'oneza. "Anasema wamekuja kwa nia njema. Sasa anasifia viti. Mungu wangu, huyu mzee akimaliza viti atahamia mapazia."

"Na yeye?"

"Yeye nani?"

"Redio!"

"Fundi wako katulia kama mtuhumiwa. Halafu lile koti kaazima, naapa. Mikono inaishia karibu na viwiko."

Nilijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo nisicheke. Rafiki yangu huyu tulimwita Redio tangu shule ya Jumapili, maana ukishamwasha hana pa kuzimia. Sasa alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mimi muuguzi wa wodi ya watoto, na huyo wa koti la kuazima alikuwa fundi wa visima. Tulikulia watatu katika kanisa moja, kanisa ambalo baba yangu ndiye mchungaji wake, na sote watatu tulikuwa tumejitolea kwenda kuhudumu kwa miaka miwili kwenye kituo cha misheni ng'ambo ya mto, mahali ambapo zahanati ilikuwa na vitanda lakini haikuwa na muuguzi. Gari lilikuwa liondoke kesho yake, baada ya ibada. Ndiyo maana posa ililetwa Jumamosi hiyo. Fundi alitaka tuondoke tukiwa wachumba, na baraka za wazazi juu yetu.

Baba alikuwa anajua kila kitu. Tangu nilipomwambia kwamba ninakwenda, hakusema ndiyo wala hapana. Kila nilipoitaja safari, aliinuka akatoka chumbani.

Nami sikumlaumu. Miaka mitatu nyuma, kaka yangu, tabibu, alikwenda kituo hichohicho pamoja na Fundi. Baba mwenyewe aliwawekea mikono mbele ya madhabahu. Akarudi mmoja. Kisima walichokuwa wakichimba kilibomoka, na kaka akazikwa kulekule. Baada ya matanga Fundi akawa haachi kuja kwetu kutengeneza kitu: leo bomba, kesho pampu, keshokutwa bawaba ya lango. Mama akasema, "Nyumba hii haina vibovu vingi hivyo. Huyu kijana nadhani anavivunja mwenyewe apate kurudi." Akanitazama mimi kwanza ndipo akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu msiba.

"Shh! Baba yako anaongea," Redio alisema, akanisukumia sinia. "Ingia na chai sasa hivi. Mimi siwezi kuingia, nitaropoka."

Niliingia. Mjomba wa Fundi, mzee mnene mwenye uso wa furaha, alijisogeza ili sinia lipite. Mama alikuwa ukingoni mwa kiti. Fundi aliinua macho akanitazama, na kwa kitambo kile kifupi nilisahau kwamba nimebeba vitu vya moto. Ana macho yanayofika kabla yake. Akikutazama unajiona umeulizwa hali na mtu anayetaka jibu la kweli.

"Kijana," baba alikuwa akisema, "nimekufahamu tangu ukiwa huna meno ya mbele. Tabia yako naijua. Kazi yako naiona. Binti yangu anakupenda, hilo hata kipofu analiona. Nitakupa."

"Ahsante Bwana!" mjomba akadakia.

"Sijamaliza." Baba aliweka kikombe chini. "Nitakupa, kwa sharti moja. Hamwendi. Si wewe wala yeye. Kanisa lina visima vitatu vya kuchimba hapahapa, kazi hiyo ni yako. Yeye ana wodi yake. Nitawafungisha ndoa mimi mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Lakini kule ng'ambo hamkanyagi."

 Nilisimama na birika mkononi, nikamtazama Fundi, nikingoja. Nilikuwa najua atakachosema. Mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya vijana wa kanisa akasema watu wa kule bado wanakunywa na ng'ombe kwenye dimbwi moja, na kwamba hatalala vizuri mpaka kile kisima kimalizike. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Alinitazama. Akatazama mikono yake. Akanitazama tena, muda mrefu, kana kwamba ananikariri.

"Nimekubali, Mchungaji," alisema.

Mjomba akapiga makofi. Mama akafumba macho. Mimi nikamimina chai mpaka ikajaa kikombe, ikajaa kisosi, ikamwagika juu ya goti la mjomba.

*

Nilimvizia Fundi nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo. Mashuka yalikuwa yanakauka, na tulisimama katikati yake kama watu waliofungiwa kwenye chumba cheupe. Yeye peke yake ndiye aliyeniita Sista hata nikiwa sijavaa sare.

"Sista, nisikilize…"

"Umeulizwa wewe, ukanijibia na mimi."

"Nilikutazama kwanza."

"Ulinitazama. Hukuniuliza! Mdomo ulikuwa nao, Fundi. Ungeshindwa nini kusema, 'Mchungaji, ngoja nizungumze naye'?"

"Ningesema hivyo, angeghairi."

"Aghairi! Kwani tulikuwa tunakwenda kwa ruhusa yake au kwa wito? Nani alisimama mbele ya vijana? Nani alinifanya niache zamu zangu, niage wodi nzima, watoto wakanilia? Leo umepewa mke na visima vitatu, basi wito umekwisha?"

Alivua lile koti, akalikunja polepole, kama mtu anayetafuta kazi ya kuipa mikono.

"Nilitegemea atakataa," alisema. "Nilikuja nikiwa nimejiandaa kukataliwa. Angekataa, ningeondoka na wewe kesho, nikijua sina cha kupoteza huku nyuma. Lakini hakukataa. Alinipa. Na aliponipa, Sista, nikasikia mwili wangu wote umetua mzigo. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu mwanzo nilikuwa natafuta mtu wa kunizuia."

"Kukuzuia na nini?"

Shuka lilijaa upepo, likatupiga mabegani, likatulia.

"Hujawahi kuniuliza kaka yako alikufaje," alisema.

"Kisima kilibomoka."

"Hiyo ndiyo habari waliyoileta. Kibarua mmoja alizimia kule chini, hewa ilikuwa imekwisha. Kaka yako hakuwa mchimbaji, unamjua, hata koleo alilishika kama kijiko. Lakini alikuwa tabibu. Akasema, 'Mgonjwa wangu huyo,' akateremka. Akamfunga kamba yule kibarua, akaniambia vuta. Nikavuta. Nilipokuwa namfungua, ukuta ukashuka. Nusu yake. Kaka yako akafukiwa mpaka kifuani, lakini alikuwa hai. Alikuwa anaongea, Sista. Nikajifunga kamba niteremke, akanikataza."

"Alisemaje?"

Fundi alilikunjua koti, akalikunja tena.

"Alisema, 'Shemeji, usishuke.' Alikuwa akiniita shemeji kwa utani, kabla hata wewe hujajua kwamba nakupenda. 'Shemeji, usishuke.' Nikatii. Nikasimama pale juu na kamba mkononi. Kisha nusu iliyobaki ikashuka."

 Nilimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi kama maji ya mtungi.

"Nilitii, na ndiyo sababu nipo hai," alisema. "Sasa niambie. Nikupeleke wewe mahali palepale? Siku moja mtoto atumbukie, wewe useme 'mgonjwa wangu huyo'? Maana utasema. Ninyi ni damu moja. Niko radhi uniite mwoga. Niko radhi unichukie, ukiwa mzima, ukiwa hapa."

Nililia kwa ajili ya kaka, upya, kama vile habari ndiyo kwanza imefika. Nikamwegemea Fundi, naye akaniegemea, na kama mtu angetuona angedhani tumepatana. Lakini nilipopata sauti, nilichosema hakikuwa cha kupatana.

"Alikuambia usishuke. Hakukuambia usirudi."

Aliuachia mkono wangu.

"Fundi, nakuhurumia mpaka mifupa inaniuma. Lakini ile zahanati haina muuguzi. Hilo halijabadilika kwa sababu wewe umeogopa, wala kwa sababu mimi nimelia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi kesho naondoka."

"Na posa?"

"Posa umempa baba. Mimi bado hujaniposa."

*

Jua lilipokuwa linazama nilibisha hodi kwenye chumba ambamo baba huandalia mahubiri. Alikuwa mezani, Biblia imefunguliwa, miwani ameiweka juu ya Biblia.

"Kaa, mwanangu."

"Nitasimama, baba. Nina neno dogo tu."

"Nimesikia kelele huko nyuma. Wachumba hugombana. Mama yako na mimi tuligombania rangi ya mlango."

"Baba, kila mwaka unasimama mimbarini unauliza nani atakwenda. Watoto wa watu wanainua mikono. Unawaombea, wazazi wao wanalia, unawaambia Mungu hampotezi aliye wake. Kesho Redio atapiga magoti mbele yako. Mama yake ana mtoto mwingine? Hana."

"Mimi nimeshatoa!" Alipiga meza, miwani ikaruka. Sikuwa nimewahi kumwona baba akipiga kitu. "Nimeshatoa. Nilikuwa na wawili. Nani aseme sikutoa? Hata mwewe humwachia kuku kifaranga."

"Mungu si mwewe, baba."

Alinitazama. Hasira ilimtoka usoni ikamwacha mzee, mzee kuliko nilivyomjua asubuhi.

"Hilo nilikuwa nalihubiri," alisema polepole. "Siku hizi nalisoma tu."

Nilitaka kwenda kumkumbatia. Lakini nilijua nikimgusa sitaondoka. Nilibaki pale mlangoni.

"Ukienda," alisema, "usidhani nitakuwekea mikono. Mikono hii iliwekwa juu ya kichwa cha kaka yako. Sina mingine."

"Nimesikia, baba."

"Na yule kijana harudi kunitajia jina lako. Ameniahidi, nimemwahidi. Ukivunja wewe, imevunjika yote."

Nilitoka nikiwa sioni ninapokanyaga. Chumbani kwangu nilimkuta mama amesimama mbele ya meza ya pasi. Alikuwa anapiga pasi sare zangu za kazi. Zile nyingine zilikuwa tayari ndani ya begi, zimekunjwa vizuri kwa namna ambayo mimi sijawahi kuiweza.

"Mama!"

"Usinishukuru," alisema bila kugeuka. "Naogopa kuliko baba yako. Yeye analia kwa kugomba, mimi tumbo lenyewe ndilo linalolia. Ila mwanamke akiolewa kwa kufungiwa mlango, atakaa dirishani maisha yake yote. Mume atakula, watoto watakua, yeye yuko dirishani." Alinyoosha kola, akaikandamiza kwa pasi mpaka mvuke ukatoka. "Nipe hiyo nyingine."

*

Jumapili asubuhi, kabla ya kengele, Redio na mimi tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za kanisa na mabegi yetu. Baba alikuwa anakuja kutoka nyumbani, joho mkononi. Fundi akatokea upande wa lango, akamkatiza njia. Hakunitazama.

"Mchungaji, shikamoo."

"Marahaba."

"Lile neno nililokupa jana, nalirudisha."

Baba alisimama. "Unajua unalirudisha pamoja na nini?"

"Najua."

"Utampoteza."

"Nikimshika kwa neno lile," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "nitakuwa nimempoteza huku nimemshika mkono. Halikuwa langu kulitoa. Nilitoa safari ya mtu mwingine. Unisamehe, Mchungaji."

 Baba alivaa joho lake palepale uani, akakosea tundu la kifungo, akaingia kanisani hivyohivyo.

Redio alinikamata goti. "Anakuja! Dada, anakuja na sisi! Ungemwona alivyosimama!"

Moyo wangu tayari ulikuwa unakimbia mbele ya gari.

Ibada ilikuwa ndefu. Baba alihubiri juu ya shukrani, maneno mafupi yasiyo na mfano hata mmoja, yeye aliyezoea mifano. Ikafika saa ya kuwaaga watumishi. Redio alikwenda mbele akapiga magoti. Mimi nikamfuata. Nilisikiliza hatua za mtu wa tatu nyuma yangu. Hazikuja.

Baba alimwekea Redio mikono, akamwombea kwa sauti iliyotulia, akamtaja na mama yake. Kanisa likasema amina. Kisha viatu vyake vikasimama mbele yangu. Nilivitazama. Nilivijua, nilikuwa nikivipiga rangi nikiwa mdogo.

Kimya. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa.  Nilihisi shingo yangu inaungua kwa macho ya kanisa zima, nikawaza niinuke tu, nimwondolee baba aibu.

Ndipo mkono ukatua kichwani mwangu. Mmoja tu. Ulikuwa mzito. Hakuomba. Hakusema hata neno moja, si kwa Mungu wala kwangu. Alipumua tu, pumzi za mtu anayepanda mlima, kisha akauondoa.

Kutoka benchi la mbele mama akasema, "Amina!"

Alilisema kwa nguvu, peke yake, kama anayeitikia sala ndefu kuliko zote alizowahi kusikia. Na kanisa, lisijue liitikie nini, likaitikia baada yake.

*

Dereva alikuwa anafunga mizigo juu ya gari. Fundi alikuwa amesimama karibu na tairi la nyuma, akiwa na shati la kazi, mikono mitupu.

"Begi lako liko wapi?" nilimuuliza.

"Nyumbani."

"Basi dereva atapitia…"

"Sista." Alitikisa kichwa. "Nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena. Halikufika mlangoni."

Watu walikuwa wanatupita, wakishikana mikono na Redio, wakimwachia mikate na maneno ya kumtia moyo. Mimi nilikuwa nasikia kwa mbali, kama mtu aliye chini ya maji.

"Jana nilikuzuia," alisema. "Leo nimeacha kukuzuia. Nguvu zangu zimeishia hapo. Ningependa kukuambia nitakuja mwezi ujao, lakini nimechoka kuahidi vitu ambavyo sina."

"Usiahidi."

"Unanidharau?"

"Hapana. Ungenidanganya ndiyo ningekudharau."

Alichukua mkono wangu, akaugeuza, akautazama upande wa kiganja kama kitu alichopewa akishike kwa muda tu. Kidole chake gumba, kigumu kwa kazi, kilipita juu ya mshipa wangu, taratibu, kikasimama pale unapodunda. Nilitamani asimame hivyo mpaka gari lichoke kungoja. Nilitamani, Mungu anisamehe, anivute, aseme usiende, aseme mara moja tu nione kama ningeweza kukataa.

Hakusema.

"Utaningoja?" aliuliza.

"Nakupenda," nilisema. "Hilo halihitaji maombi, nalijua. Lakini kungoja sitaahidi. Jana ulitoa ahadi kwa niaba yangu bila kuniuliza, tukaona palipotufikisha. Na mimi leo siwezi kumtolea ahadi yule mwanamke nitakayekuwa mwakani. Simjui bado."

Alikubali kwa kichwa. Macho yake yalijaa, lakini aliyaacha juu yangu, hakuyaficha. Dereva akapiga honi. Mama akanikumbatia kwa haraka, kwa nguvu, akanisukuma mwenyewe ndani ya gari kabla hajabadili mawazo. Baba hakuwa amesimama na watu. Nilimtafuta, nikaona tu mlango wa kanisa uko wazi na ndani mtu mmoja ameketi benchi la mbele.

Gari likaondoka. Fundi alitembea pembeni yake hatua chache, mkono juu ya dirisha langu, kisha mwendo ukamshinda.

Redio alikaa kimya mpaka tulipoyapita maduka ya mwisho, na kwa jinsi ninavyomjua, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Kisha akanishika mkono.

"Lia sasa, dada," alisema. "Kule tunakokwenda wagonjwa wanataka muuguzi mwenye macho makavu."

Nililia mpaka lami ilipoisha. Vumbi lilipoanza kuingia madirishani nilifuta uso kwa mkono wa nguo, nikamuuliza dereva, kwa sauti ambayo haikuwa imara lakini ilisikika, umebaki mwendo kiasi gani.